Utetezi wa Mwuza Vijahazi

Yako mashtaka mawili wanayosomewa mafundi wa Chumbageni waundao vyombo vidogo vya baharini na kuwauzia wakusanyaji. La kwanza husema kuwa mafundi hawa wanauza urithi wa pwani kwa wageni. La pili husema kuwa kazi yao si urithi hata chembe, ila ni mchezo wa watoto uliopakwa vanishi umvutie mtalii. Ajabu ni kwamba mashtaka haya, ambayo yangekutana barazani yangepigana, aghalabu hutoka katika kinywa kimoja. Na kinywa hicho, nasema kwa masikitiko, mara nyingi ni cha msomi. Nimeyasikia katika vikao vya wanazuoni na nimeyakuta katika insha za wanafunzi. Nakusudia kuyapinga yote mawili, kisha nilete shtaka jingine ambalo mshtakiwa wake si fundi.

Kwanza na tujue tunazungumza juu ya kitu gani. Kiko kitu kiuzwacho mbele ya mahoteli kutoka Lamu mpaka Kilwa: kipande cha mti kilichochongwa kadiri ya kiganja, kikachomekwa kijiti katikati na kitambaa cheupe juu yake. Kitu hicho sikitetei wala sikilaumu. Ni pambo, na pambo lina soko lake. Nisemacho mimi ni kingine. Kijahazi cha fundi huanza na mkuku. Mkuku hulazwa juu ya vigogo, kama ulazwavyo ule mkubwa pwani, kisha husimamishwa hanamu mbele na fashini nyuma, na vyote vitatu hupimwa kwa uzi na kwa jicho kabla ya ubao wa kwanza kupigwa. Mbao kadha za chini hutangulia, ndipo mataruma yafuate. Na taruma halikatwi katika ubao ulionyoka, kwa kuwa nyuzi za mti zikikatwa nguvu hupotea. Hutafutwa tawi lililojipinda lenyewe. Katika jahazi tawi hilo lina unene wa paja la mtu. Katika kijahazi lina unene wa kalamu, na fundi huzunguka vichakani asubuhi nzima akitafuta vijitawi vilivyopinda kwa kiasi kile kile, viwili viwili, kimoja cha kila ubavu. Nimemwona fundi akivitupa kumi ili apate kimoja.

Hesabu yake ni nisba. Shibiri moja ya jahazi hugeuzwa kuwa wanda mmoja wa kijahazi, yaani moja kwa kumi na mbili, na nisba hiyo hushikwa toka omo mpaka tezi. Jahazi la mita 15 huwa kijahazi cha mita 1 na robo. Mlingoti, foromali, usukani na kana yake, vyote hupungua kwa kiasi kimoja. Henza huvuta kweli, demani huongoza tanga kweli, na ngama hutiwa farumi ya kokoto ili chombo kikae sawa majini. Kazi hii huchukua miezi. Mtu aitaye kitu hiki mchezo wa watoto hajakiinamia akachungulia ndani. Wahenga walikwisha kusema kuwa maji ya kifuu ni bahari ya chungu, na nathubutu kusema kuwa wasomi wetu wengine wana macho mafupi kuliko ya chungu.

Msomaji atauliza: fundi ameipata wapi hesabu hiyo, maadam hana ramani? Hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Waundaji wa vyombo vikubwa wa pwani yetu hawakuwa na desturi ya kuchora. Umbo la jahazi lilikaa katika jicho na mkono, likatoka kwa baba kwenda kwa mwana, au kwa fundi kwenda kwa mwanafunzi aliyeanza kwa kuchemsha shahamu na kushika kalafati. Mkono huo ukifa bila mrithi, umbo limekufa nao. Kijahazi kilichoundwa kwa nisba ndicho ramani pekee ambayo fundi wa namna hii ameacha duniani. Si picha ya elimu. Ni elimu yenyewe imepunguzwa ukubwa. Awezaye kukisoma aweza kuunda kikubwa chake.

Sasa nalijibu shtaka la kwanza, na shahidi wangu ni mtepe.

Mtepe ulikuwa chombo kisicho na msumari. Mbao zake zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, omo yake ilinyooshwa mbele kama shingo ya ngamia na kuchorwa macho, na tanga lake lilikuwa mkeka wa mraba. Ushonaji wa vyombo ni wa kale mno katika bahari yetu. Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya kwanza baada ya Kristo, kinataja vyombo vya kushonwa katika pwani hii, na kinasema kuwa mji wa Rhapta ulipata jina lake kwa vyombo hivyo. Wako wataalamu wanaouweka mji huo karibu na Pangani, safari fupi kutoka hapa niandikapo; wako wanaoupeleka Rufiji. Wareno walipopita mwaka wa 1498 waliviona vyombo vilivyoshonwa, vyenye matanga ya mikeka. Hata mwanzo wa karne ya ishirini mitepe ya Wabajuni ilikuwa bado ikichukua boriti za mikoko kutoka visiwa vya Lamu kwenda Unguja. Kisha ikatoweka. Ilipofika katikati ya karne hiyo hapakuwa na mtepe baharini, wala hapana mtepe mzima wa zamani uliosalia nchi kavu ambao mwanafunzi wa leo aweza kuupigia dhiraa.

Tunaujuaje basi? Twaujua kwa maandishi ya watu wachache, kama Lydekker mwaka wa 1919, Hornell mwaka wa 1941 na Prins mwaka wa 1982. Kwa picha zisizo nyingi. Na kwa vielelezo vidogo vilivyoingia katika makumbusho, kama vile vya Lamu. Mwanzoni mwa karne hii, ilipotakiwa mtepe ushonwe upya kwa ukubwa wake na kuwekwa katika Beit al-Ajaib, Unguja, hapakuwa na mtepe wa kutazamia. Palikuwa na vitu hivyo tu. Na tuulize basi kwa haki: fundi wa kale aliyekubali kuachana na mtepe wake mdogo kwa fedha, ukapelekwa mbali na kuwekwa penye kivuli, alituibia au alituwekea akiba? Mitepe mikubwa haikuuzwa kwa wakusanyaji. Ilibaki kwetu, ikaoza kwetu.

Na kubaki nyumbani si kupona. Beit al-Ajaib yenyewe, iliyojengwa mwaka wa 1883, iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020 na kuua watu. Silitaji jambo hili kwa dhihaka, bali kwa ajili ya wale wanaodhani kuwa kitu kisichovuka bahari kimeokoka. Mwaka wa 1920 wachimbaji walikuta katika kaburi la Meketre huko Misri vyombo vidogo vya mti vilivyolala humo yapata miaka 4000. Baadhi vilibaki Kairo na baadhi vikaenda New York. Yaweza kuhojiwa kama mgawo ule ulikuwa wa haki. Lakini mtu atakaye kujua vyombo vya Nile vilivyokuwa zamani husoma katika miji yote miwili, kwa sababu vinajulikana vilitoka wapi, vya nani, na vilikutwa vimekaaje. Shika neno hilo, msomaji, maana nitalirudia.

Iko na hoja ya tumbo, ambayo wenye mishahara huisahau upesi. Fundi aliyezuiwa kuuza hataunda cha pili. Atashika kazi nyingine, na mkono wake utasahau. Anayemwambia fundi asiuze, naye hamnunulii wala hamtafutii mwanafunzi, hahifadhi urithi. Anauzika kwa heshima.

Shtaka la pili ni dhaifu zaidi, nami sitakaa juu yake. Husemwa kuwa kitu kilichoundwa kwa ajili ya mgeni hakiwezi kuwa sanaa ya kweli. Katika vita vya Napoleon wafungwa wa Kifaransa waliowekwa Norman Cross, Uingereza, waliunda merikebu ndogo kwa mifupa iliyosalia katika chakula chao, wakawauzia Waingereza waliokuja kwenye soko la lango la gereza. Leo merikebu hizo ni fahari ya makumbusho ya Peterborough, na hakuna azicheka kwa kuwa zilifanywa zipate kuuzwa. Karibu na kwetu, Edward Saidi Tingatinga, aliyefariki mwaka wa 1972, aliwauzia wageni picha zake Oysterbay, Dar es Salaam, nazo zikazaa chuo kizima cha wachoraji. Kununuliwa na mgeni hakukuziharibu. Ila iko tofauti moja kati ya mifano hii miwili, nayo ni kubwa: Tingatinga tunamjua kwa jina na waliomfuata hutia majina yao chini ya picha, wafungwa wale, karibu wote, hawana jina.

Hapo ndipo linapoingia shtaka langu.

Kosa halimo katika kuuza. Limo katika kuuza chombo kikiwa bubu. Kijahazi huondoka Chumbageni kimefungwa katika karatasi na majani makavu ya mgomba, na pamoja nacho haliondoki hata neno moja. Huko kifikako hubandikwa kibandiko, na kibandiko hicho, nimekisoma kwa macho yangu katika jumba moja ambalo sina haja ya kulitaja, huwa na neno moja la Kiingereza, *dhow*, na maneno mawili, Afrika Mashariki. Basi. Fundi hayumo. Mwaka haumo. Nisba haimo. Hata aina ya chombo haimo, kwa kuwa neno lile la Kiingereza hulifunika jahazi, hulifunika dau, huifunika mashua na mtepe, kama kwamba mtu angeviita paka, chui na simba kwa jina moja na kuona amemaliza kazi. Baharia wetu alipotaja dau alikuwa na maana ya dau, chombo chenye umbo lake, wala hakuchanganya na jahazi. Leo mtoto wa Tanga akisoma Kiingereza hufundishwa kuvichanganya, na mji wake wenyewe una jina lisilotofautiana kwa sauti na lile la tanga la chombo.

Nilimwuliza fundi mmoja mzee, jirani yangu, juu ya mnunuzi wake wa mwisho.

"Shikamoo, mzee. Alipokuja kukichukua chombo alikuuliza nini?"

"Marahaba, mwalimu. Aliuliza kama ni cha zamani. Aliuliza kama kitaingia katika ndege. Kisha akauliza kama nitapunguza."

"Hakuuliza jina?"

"Langu au la chombo?"

"Lolote katika hayo mawili."

"Hakuuliza. Nami sikumwambia. Mtu hapewi asichokiomba."

Neno lile la kwanza, kama ni cha zamani, lina madhara kuliko yanavyoonekana. Mkusanyaji apendaye ukale humfundisha fundi kuughushi. Nimeona mbao mpya zikisuguliwa kwa chai iliyochemshwa na masizi ili zionekane zimekula chumvi miaka hamsini. Haya si makubwa. Kubwa ni hili: mnunuzi mwingine alitaka mtepe, akaletewa mtepe wenye tanga lake la mkeka la mraba, akalikataa. Alitaka tanga la pembetatu, kwa kuwa ndilo alilolizoea katika picha za kadi. Fundi alimweleza mara moja, akanyamaza, akalishona. Ada ya shule ya mjukuu ilikuwa imefika. Chombo kile kimekwenda zake. Mimi simlaumu aliyekiunda. Lakini tumekwisha kuona kuwa mtepe waujulikana kwa sehemu kubwa kwa vielelezo. Miaka mia ijayo atatokea mtaalamu mwenye rula na subira, atakipima kile kitu, atakikuta kimeshonwa vizuri, kimeundwa na mkono uliojua, naye ataandika kuwa mitepe mingine ilikuwa na matanga ya pembetatu. Nani atakayemkanusha? Hakuna karatasi isemayo kuwa tanga lile liliagizwa na mnunuzi.

Huu ndio msiba ambao wenzangu wanaopigia kelele uuzaji hawauoni. Wanalia kwamba mti umekwenda. Mti upo, na miti mingine inaota. Kilichokwenda ni ushahidi, na kwa kukosa mwandishi ushahidi umegeuka uwongo.

Yupo mnunuzi wa namna nyingine, na haki yataka atajwe. Edmond Pâris, ofisa wa merikebu za Ufaransa, alivipima vyombo vya mataifa mbalimbali katika safari zake, akaanza kutoa michoro yake mwaka wa 1841. Na alipokuwa mtunzaji wa makumbusho ya bahari katika Louvre tangu mwaka wa 1871, aliagiza vielelezo vingi viundwe kwa kufuata vipimo. Alikuwa mtu wa dola yake na wa zama zake, wala simfanyi walii. Lakini aliuliza kipimo. Hata ndani ya bahari yetu hii ya Hindi, Mauritius imeishi kwa vyombo vidogo tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, ikiunda merikebu za Ulaya kwa kufuata michoro ya Ulaya; na mwenye kununua huko hupata karatasi inayomwambia merikebu ile ilikuwa ipi, na ya mwaka gani. Merikebu ya mtu wa mbali yapewa nasaba yake, na jahazi letu lililoundwa na mwana wa nahodha laondoka bila nasaba.

Ni kazi ya nani kulipa nasaba? Mnunuzi? Hajui. Fundi? Ajua, lakini hapana aliyemwambia kuwa maneno yake ni sehemu ya bidhaa. Ni kazi ya wenye kusomea Kiswahili, na hao ndio washtakiwa wangu. Waliokusanya maneno ya chombo kwa wingi kabla yetu walikuwa wageni. Kamusi ya padri Mfaransa Charles Sacleux, iliyotoka mwaka wa 1939, ingali hazina ya kuendea mtu atakapo majina ya kamba na mbao. Tangu hapo idara zimejengwa, viti vya uprofesa vimekaliwa, tasnifu zimejaa makabati. Wanafunzi huja Tanga kulizuru kaburi la Shaaban Robert huko Machui, nami hufurahi kuwaona. Kisha hurudi stesheni ya mabasi wakipita karibu na ukumbi wa fundi anayejua tofauti ya henza na jarari, ya banduru na feuli, wasisimame. Sina ugomvi na riwaya. Lakini lugha haiishi katika riwaya peke yake, na neno lililokosa kitu cha kulishika huanza kuelea. Kamusi yaweza kuniambia kuwa dasi ni kamba ya ukingo wa tanga. Hainionyeshi inavyoshonwa ikipita pembeni, wala pale inapokazwa. Kijahazi huonyesha, mradi awepo mtu wa kuuliza, "Hii yaitwaje?" na wa kujibu.

Nisemalo ni jepesi, na kwa wepesi wake huenda likadharauliwa. Kila chombo kabla ya kuondoka kifanyiwe hati ya kurasa mbili. Iandikwe kwa Kiswahili kwanza. Itaje jina la fundi na aliyemfunza, mtaa na mwaka, aina ya chombo kwa jina lake halisi, nisba, miti iliyotumika, majina ya sehemu zote kama yatamkwavyo na fundi mwenyewe hata yakitofautiana na kamusi, na mwisho, kwa uwazi, jambo lolote lililogeuzwa kwa matakwa ya mnunuzi. Nakala moja ifuate chombo. Nyingine ibaki hapa Tanga, katika maktaba ya mkoa, ambapo mjukuu wa fundi aweza kuisoma bila kuomba viza.

Nitaambiwa kuwa mnunuzi atakimbia akiona karatasi inayosema kuwa tanga si la kweli. Na akimbie huyo. Atabaki yule anayetaka kitu cha kweli, naye hulipa zaidi, kwa maana wakusanyaji wa kila nchi hukipandisha bei kitu chenye jina na asili. Nitaambiwa tena kuwa fundi hatakubali kuandika kuwa alibadili. Nimemwuliza. Alicheka, akasema kwamba yeye ndiye aliyekuwa na hamu ya kumwambia mtu jambo hilo tangu siku ile. Na nitaambiwa na wakubwa wa idara kuwa hapana fungu la fedha. Daftari moja, kalamu moja, na nauli ya daladala kutoka kokote mjini mpaka Chumbageni: fungu gani hilo linalongojwa?

Nyuma ya nyumba moja ya mtaa huu, wakati niandikapo, kijahazi cha wanda kwa shibiri kimesimama juu ya vigogo vyake. Kimekwisha kutiwa kalafati. Kimebakiza dasi ya tanga na kupakwa sifa. Arubuni imelipwa, na mwenyewe atakuja kukichukua mwisho wa mwezi ujao. Fundi amevuka miaka sabini. Amesema atamtajia majina yote, kuanzia hanamu, mtu yeyote atakayekuja na daftari, sharti aje asubuhi kabla jua halijawa kali, kwa sababu baada ya adhuhuri macho yake hayaoni kamba nyembamba.